Mume Aliyezijua Siku

Kwenye kiwanda kidogo cha mikate walimwita Chachu, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Lilianza kama utani wa asubuhi yake ya kwanza kazini. Msimamizi alimkuta ameinamia beseni la unga, jasho linamtiririka, anacheka peke yake, akasema huyu dada akiingia mahali hata unga uliolala unaamka. Tangu hapo akawa Chachu kwa wenzake, kwa wateja wa dirishani, na baadaye hata kwa mumewe.

Mumewe naye alikuwa na lake. Alikuwa fundi wa friji, mrefu, mpole, asiyepandisha sauti hata akijigonga kidole kwa nyundo, na watu walimwita Baridi. Siku ya harusi wenzake Chachu walicheka mpaka wakashika mbavu: mke anashinda mbele ya tanuri, mume anashinda kichwa ndani ya friji, basi nyumba yao itakuwa vuguvugu maisha. Chachu alicheka kuliko wote. Alishachoshwa na wanaume wenye maneno mengi, na hapa alikuwa amepata mwanamume anayesikiliza.

Kabla ya kukubali posa alimuuliza jambo moja tu, kama anataka watoto. Walikuwa wamekaa kwenye ngazi za nyumba aliyopanga Chachu, wanamenya machungwa. Baridi alizungusha kisu mpaka ganda likatoka zima, ndipo akajibu kwamba ndiyo, wakija watawapokea. Chachu alisikia ndiyo, na ndiyo ilimtosha.

Ukapita mwaka, ukaanza mwingine. Hedhi ya Chachu ilikuwa na mwendo wa pole. Wenzake kazini waliona zao kila baada ya wiki nne, yeye yake ilikuwa inachukua karibu wiki tano, na kuchelewa huko kulikuwa kunamchezea akili. Kila ikikawia alianza kuchekelea moyoni, akakwepa magunia mazito, akajaribu majina ya watoto kimoyomoyo huku anakanda. Kisha asubuhi moja angeamka na yale maumivu ya kiuno anayoyajua, na matumaini yakaondoka na maji ya bafuni.

Ushauri haukumpungukia. Mmoja alimwambia ainue miguu ukutani, mwingine asinywe kitu cha baridi, na wa tatu akaapa kwamba siku zenye mtoto ni zile za katikati ya mwezi, basi. Chachu akaishika hiyo ya tatu. Kalenda ikifika katikati, anabadilisha shuka, anajipaka mafuta mazuri, anamsubiri mumewe. Siku nyingine walikuwa wanapishana tu mlangoni, yeye anatoka kwenda zamu ya alfajiri, mume anarudi kutoka kutengeneza friji za watu, lakini hizo za katikati ya mwezi hawakuzikosa. Matokeo yakawa yale yale.

Aliyemuumiza zaidi alikuwa mama mkwe. Mama huyo alikuwa amelea watoto sita karibu peke yake, Baridi akiwa mkubwa wao, na ulimi wake ulikuwa umenoleka kwa miaka mingi ya kujitetea. Jumapili moja, wakiwa wanakula kwake, alimpakulia Chachu, akamwangalia tumboni, akasema lile tanuri la kazini mbona linaivisha mamia kwa siku, la nyumbani limeingiwa na nini. Mashemeji wakacheka. Chachu naye alicheka, maana angefanya nini. Alimtupia mumewe jicho. Baridi alikuwa anaitazama sahani yake.

Njiani kurudi akamwambia, "Mama ana utani mzito. Msamehe."

Akamsamehe. Jumapili iliyofuata utani ukawa mwingine, na iliyofuata hiyo mama mkwe hakuona haja ya kulifanya tusi lake utani.

Ndipo Chachu alipokata shauri la kwenda kliniki, na Baridi, bila kuvutwa mkono, akasema wataenda wote wawili. Walipimwa wote. Majibu yalipotoka, hapakuonekana kasoro kwa mke wala kwa mume. Muuguzi aliyewapokea, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi, aliwaketisha, akamuuliza Chachu huwa anazihesabu vipi siku zake. Chachu akamweleza habari ya katikati ya mwezi. Muuguzi akavaa miwani yake vizuri.

"Mwezi wa ukutani si mwezi wa mwilini," alisema. "Wako unaanza siku damu inapoanza kutoka. Hiyo ndiyo siku yako ya kwanza, iwe ni tarehe mbili au ishirini."

Kisha akawafafanulia taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Yai hupevuka na kutoka yapata wiki mbili kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mwenye mzunguko mrefu kama Chachu, zile siku za ziada kwa kawaida huwa mwanzoni, kabla ya yai. Kwa hiyo yai lake linachelewa kuliko la wenzake. Likishatoka, haliishi zaidi ya siku moja. Lakini mbegu za mwanamume zinaweza kukaa ndani ya mwanamke hata siku tano zikilisubiri. Ndiyo maana siku zinazofaa ni zile chache kabla ya yai, pamoja na siku ya yai lenyewe, na wakikutana kila siku au kila baada ya siku moja katika kipindi hicho wanakuwa wamefanya la kwao.

Chachu akauliza atajuaje, maana yai halibishi hodi. Muuguzi akatabasamu, akasema linabisha. Ute wa ukeni hubadilika. Unakuwa mwingi, mwepesi, unateleza, unavutika katikati ya vidole kama ute wa yai bichi. Ukiuona huo, siku ndizo hizo. Na akitaka kuhakikisha, awe anapima joto la mwili kila akiamka, kabla hajanyanyuka kitandani. Yai likishatoka, joto hupanda kidogo na kubaki juu. "Lakini joto linakwambia yaliyopita," alionya. "Ute ndio unaokwambia yanayokuja."

Chachu alijishika mdomo kwa kucheka. Kila siku ya Mungu alikuwa anavunja trei kwa trei za mayai, ute unamchuruzika vidoleni, na mwili wake mwenyewe ulikuwa unampelekea habari hiyo hiyo mwezi baada ya mwezi bila yeye kuisoma.

"Sisi shuleni tulikuwa tunaziita siku za hatari," alisema.

"Hatari kwa anayekimbia mimba," muuguzi alijibu. "Ninyi mnaitafuta. Kwenu ni siku za heri."

Baridi ndiye aliyeuliza maswali mengi. Je, mke akiugua, siku husogea? Muuguzi akasema ndiyo, homa au msongo wa mawazo unaweza kulichelewesha yai. Je, ute unaweza kuonekana na yai lisitoke? Wakati mwingine, ndiyo. Je, ni siku ngapi kabla ya yai ambapo bado inawezekana? Alisikiliza kila jibu ameinamisha kichwa, kama anavyosikiliza mashine ya friji kutafuta ugonjwa wake. Muuguzi alifurahi kweli. Alimwambia Chachu kwamba waume wengi huwaacha wake zao pale mlangoni, kwa hiyo huyu amshikilie. Na Chachu, pale pale mbele ya muuguzi, akamshika mkono.

Nyumbani maisha yakapata utaratibu mpya. Kabla ya kunyanyuka kwenda zamu, Chachu aliweka kipimajoto chini ya ulimi, na Baridi, naye bado amejifunika shuka, angeuliza kinasemaje. Baridi hakuhitaji kuandika popote, kichwa chake kilihifadhi kila kitu. Kuna siku Chachu alichanganya hesabu na mumewe ndiye aliyemsahihisha. Kazini alimsifia mpaka wenzake wakamwambia basi, wameelewa, wao wameolewa na magogo.

Chachu mwenyewe alikuwa amepata kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Aliuona mwili wake ukitembea kwa mpango, siku hizi kavu, siku hizi za kulowana, kisha ule ute unaong'aa, kisha joto linapanda. Zile aibu za kuchelewa na matumaini ya bure zikapungua. Alijua sasa kwamba hakuwa na ugonjwa wala laana. Alikuwa na mzunguko mrefu tu.

Kilichokosekana kilikuwa bahati, au ndivyo alivyodhani. Mwezi wa kwanza ute ulipoanza kuonekana, Baridi aliitwa mji mwingine kutengeneza chumba cha baridi cha machinjio. Mwezi wa pili alishikwa na mgongo, akalala chini kwenye mkeka siku zote zile, anaomba radhi kwa sauti ya kutia huruma. Wa tatu, safari tena. Wa nne walikosana kwa sababu ya shati lililoungua pasi, jambo dogo ambalo mtu mpole kama yeye hakuwahi kulikasirikia, na kununa kwake kukadumu mpaka siku zikaisha. Zikishaisha, Baridi alikuwa mume mzuri kuliko waume wote. Alikuja na nyama, alikuja na mizaha, alimkumbatia akiwa bado ananukia hamira. Chachu akajiambia ni mapito. Alikaza moyo, akasubiri mwezi mwingine.

Mwezi wa tano Chachu aliugua homa. Baridi alikuwa ameshaondoka kwa safari nyingine, na kwa hesabu za kawaida siku zilipita yeye akiwa hayupo. Lakini muuguzi alikuwa amesema homa inaweza kusogeza yai, na kweli, siku aliyorudi mumewe ndiyo siku Chachu alipouona ule ute. Aliona Mungu kamwonea huruma. Alimpokea begi mlangoni, akamwambia kwa furaha kwamba hawajachelewa, siku ndiyo kwanza zinaanza.

Baridi alisimama kidogo pale kizingitini. Kisha akasema amesahau kwamba karakanani kuna friji ya duka la dawa, inatakiwa haraka, huenda akalala huko huko. Akalichukua begi lile lile mkononi mwa mkewe, akatoka. Hakurudi mpaka siku zilipopita.

Hata hapo Chachu hakuamini ubaya. Aliona uchungu tu, akalia akiwa anapanga trei, akafuta machozi kwa mkono wenye unga. Mtu akishakuwa na imani na mwenzake, hujitungia sababu mwenyewe bila kuombwa.

Aliyemfungua macho hakujua kwamba amefungua kitu. Mwenye karakana alikofanya kazi Baridi alifika dirishani kununua mikate, akamwita shemeji kwa uchangamfu, akamshukuru kwa uvumilivu. Mafundi wengine, alisema, ukiwataja tu safari wanaleta visingizio vya mke na watoto, lakini Baridi huja mwenyewe kuomba. Hata zile kazi za mbali zisizo na haraka, anachagua wiki yake na kuondoka. Na ile friji ya duka la dawa? Chachu aliuliza hivi hivi, akimfungia mikate. Mwenye karakana akakunja uso, akasema hawajawahi kutengeneza friji ya duka la dawa. Halafu, akidhani ameharibu siri ya starehe fulani ya wanaume, akacheka, akachukua mikate yake na kuondoka.

Chachu aliendelea kuhudumia foleni. Mikono ilifanya kazi, lakini ndani mwake alikuwa anarudi nyuma mwezi mmoja mmoja: machinjio, mgongo, shati. Kwanza aliwaza mwanamke mwingine, kama ambavyo mtu yeyote angewaza. Wazo hilo lilimuuma, lakini halikukaa. Mwenye mwanamke pembeni huiba siku yoyote. Huyu alikuwa anaiba siku zile tu. Ilimjia polepole, mpaka ikamfikia yote. Zile asubuhi za kuulizwa kipimajoto kinasemaje, alikuwa anaulizwa ili akimbiwe.

Hakumkabili siku hiyo. Alitaka kuona kwa macho yake. Mwezi uliofuata, kwa mara ya kwanza tangu waoane, alimdanganya mumewe. Ute ulipoanza, hakusema. Baridi alipouliza, akamjibu kwamba safari hii umewahi, joto limeshapanda, siku zimepita. Alimtazama usoni alipokuwa anamwambia, na akaona mabega ya mumewe yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Ilikuwa Jumapili mchana, mvua imewazuia kwenda kwa mama mkwe. Baridi alikuwa na furaha. Aliosha vyombo akiimba, akaja akaketi kitandani kando ya mkewe, akampitishia mkono kiunoni. Chachu aliuacha mkono ukae.

"Nilikudanganya," akasema. "Leo ndiyo siku yenyewe."

Mkono ukaondoka. Haukuondoka kwa kufikiri. Uliruka kama umegusa trei ya moto. Baridi mwenyewe aliutazama, na akajua kwamba mkewe ameona.

Chachu akamuuliza tangu lini, na kwa mara ya kwanza mtu yule mkimya akazungumza kwa kirefu. Hakutaka watoto, hakuwahi kutaka. Alikuwa mkubwa wa sita. Mama yake akienda kuhangaika, yeye ndiye aliyebeba wadogo mgongoni, akafua nepi, akaacha shule na kurudi, akaacha tena. Alipofika kuoa alihisi ameshalea watoto wake wote. Alipoulizwa zile siku za posa, aliona akisema hapana atampoteza.

"Mwanzoni nilikuwa naomba tu isitokee," alisema. "Pale kliniki ndipo nilipojua namna."

Chachu alimuuliza alitegemea mwisho uwe nini.

"Nilidhani utachoka," Baridi akajibu. "Watu huchoka, wanazoea."

"Na mama yako alipokuwa ananitukana?"

Baridi alitazama sakafuni, kama alivyokuwa akiitazama sahani. Chachu aligundua kwamba angeweza kumwelewa kwa yote mengine. Mtu aliyekulia katika kazi ya kulea angeweza kuichoka, na kama angemwambia, huenda wangelia, wangegombana, wangeachana kwa heshima au wangekaa hivyo hivyo wawili. Lakini alikuwa amemwacha aitwe tanuri bovu mbele ya watu, huku yeye ndiye aliyekuwa anazima moto. Hapo moyo wa Chachu uligoma.

Alimwomba jambo moja, amwambie mama yake ukweli. Baridi akaahidi. Jumapili iliyofuata walikwenda, wakala, wakanawa, na Baridi hakusema neno. Basi Chachu akalisema mwenyewe, kwa utulivu, mbele ya mashemeji. Mama mkwe akamgeukia mwanawe, akamuuliza kama ni kweli. Baridi akasema, Mama, haya ni mambo yetu ya ndani. Mama huyo alikusanya sahani ambazo watu walikuwa hawajamaliza kula, akaingia nazo jikoni, na hakutoka mpaka Chachu alipoaga.

Chachu alihama mwisho wa wiki hiyo, akapanga chumba karibu na kiwanda. Siku chache baadaye mama mkwe alionekana kwenye foleni ya dirishani. Alisubiri zamu yake kama wengine, akanunua mkate, akaushika kifuani.

"Nilikutukana bure," akasema.

"Ndiyo, Mama," Chachu akajibu.

Waliokuwa nyuma kwenye foleni walidhani ni mabishano ya bei.

Baridi alituma watu, kisha akaja mwenyewe. Alisema amebadilika, yuko tayari, warudi hata kwa muuguzi yule. Huenda alikuwa anasema kweli. Chachu alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia kwamba tatizo si mtoto tena. Yeye sasa akiambiwa ndiyo na mume wake, hana kipimo cha kujua ni ndiyo gani. Wakaachana, bila kelele, kama walivyoishi.

Hajaolewa tena mpaka leo, ingawa hajasema hataki. Kazini amekuwa msimamizi wa zamu, na mwaka huu mwenzake mmoja, aliyeolewa karibuni na bado hajashika mimba, alimfuata pembeni ya tanuri kumuuliza kama ni kweli siku zenyewe ni za katikati ya mwezi. Chachu akamweleza yote: siku ya kwanza ni ipi, yai linatoka lini, ute unafananaje, kipimajoto kinasema nini. Alieleza vizuri, bila kuficha, na mwenzake alicheka pale pale alipocheka yeye zamani. Akamsihi asikae kwa kukisia. Mwaka ukipita bila kitu, aende kliniki, na aende na mumewe.

"Na huku nyumbani, hizo siku niwe namwambia?" mwenzake akauliza.

Chachu alifungua mlango wa tanuri kuangalia mikate, ingawa alijua haijaiva. Joto likampiga usoni. Akaufunga.

"Mwambie," alisema. "Lakini mtazame unapomwambia."

Mwenzake alidhani ni utani, akarudi mezani kukata unga. Chachu hakumsahihisha. Alivuta trei zilizokuwa zinasubiri, akaanza kuzipaka mafuta.